Nyuzi zipo, ramani haipo: Git na usomaji wa fahirisi kwa pamoja

Fungua mwongozo wa Git, programu inayotunza historia ya msimbo, utafute mpangilio uitwao index.threads. Utaambiwa unapunguza muda wa kupakia fahirisi kwenye kompyuta zenye prosesa zaidi ya moja, na kwamba usipougusa unahesabiwa umewashwa. Ukiishia hapo utaamini kuwa Git yako inasoma fahirisi kwa nyuzi nyingi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, tangu toleo la 2.20 la Desemba 2018. Kwa watumiaji wengi si kweli. Msimbo upo na nyuzi ziko tayari kuanzishwa, ila faili inayosomwa haina ramani ya kuzigawia kazi. Jinsi tulivyofika hapo ni kisa cha mapitio ya msimbo ambamo pande mbili zilivutana, na sioni upande uliokuwa wa kijinga.

Fahirisi ni faili ya .git/index: orodha ya kila faili inayofuatiliwa, pamoja na njia yake, ukubwa, saa iliyobadilishwa mara ya mwisho na hashi ya maudhui (namba inayoyatambulisha). Karibu kila amri ya kila siku, kuanzia status mpaka commit, huanza kwa kuisoma yote. Mwenye mradi wa faili 300 hahisi lolote. Microsoft walipohamishia Windows kwenye Git walitaja faili milioni 3.5 hivi, na kwa hesabu hiyo kusoma orodha tu ni kazi inayopimika. Ndiyo maana viraka vya nyuzi hizi, yaani mabadiliko ya msimbo yaliyoletwa yapitiwe, viliandikwa na Ben Peart, aliyekuwa akifanya kazi huko.

Kikwazo ni umbo la faili. Inaanza na baiti 12: herufi DIRC, namba ya toleo na idadi ya maingizo. Kisha maingizo yanafuatana, kila moja na baiti 62 za urefu maalumu, halafu jina la faili, ambalo huwezi kujua urefu wake mpaka ulifikie. Kwa hiyo ingizo la 50,000 halifikiki bila kupita yote yaliyotangulia. Toleo la 4 la fahirisi, lililokuja mwaka 2012, lilikaza zaidi, kwa sababu linabana majina. Wanaojua daftari la duka wataelewa upesi. Mwenye duka akiandika jina la mteja mara moja, mistari inayofuata hutia alama ya "kama juu". Inaokoa wino, lakini ukichana daftari katikati na kumpa mwenzako nusu ya pili, mstari wake wa kwanza utasema "kama juu" na juu hakuna kitu.

Suluhisho la Peart lilikuwa kuongeza viendelezi viwili, yaani sehemu za ziada za taarifa, mkiani mwa faili. IEOT ni jedwali la mahali pa kuanzia kila fungu la maingizo. EOIE husema maingizo yanaishia wapi, nayo huandikwa mwisho kabisa ili msomaji aikute kwa kurudi nyuma kutoka mkiani. Ndani yake mna hashi ya aina na ukubwa wa viendelezi vingine, maana baiti nne zinazosomeka E, O, I, E zinaweza kutokea kwa bahati tu, na hakuna anayetaka uzi uanze kusoma kwa kuamini bahati. Kwenye toleo la 4, ingizo la kwanza la kila fungu huandikwa jina lake kamili, bila "kama juu".

Sasa faida. Peart aliandika vipimo ndani ya maelezo ya komiti zenyewe. Kuwapa viendelezi uzi wao kuliokoa chini ya asilimia 1 ya muda kwenye faili 100,000, lakini karibu asilimia 28 kwenye faili milioni moja. Kugawa maingizo kati ya nyuzi kulifanya kinyume: kuliokoa kama asilimia 32 kwenye faili 100,000, lakini kwenye milioni hakukuokoa kitu, muda hata uliongezeka kwa karibu asilimia 5. Hakuficha sababu. Kwenye mradi ule mkubwa, kuchambua viendelezi, hasa mti wa kache na orodha ya faili zisizofuatiliwa, kulikuwa kazi nzito kuliko maingizo yote, kwa hiyo nyuzi za maingizo zilimaliza mapema zikabaki kuusubiri uzi mmoja. Mwandishi wa kiraka anayekuambia mwenyewe mahali kiraka chake kinapochemka amekurahisishia mapitio kwa nusu.

Msimbo wenyewe ni wa kiasi. Kila uzi hupewa mafungu yake na bwawa lake la kumbukumbu, na huandika pointa kwenye nafasi zake tu za safu iliyokwisha kutengwa. Uzi mkuu huzisubiri, kisha huunganisha mabwawa. Hakuna kufuli hata moja, yaani kizuizi cha kufanya uzi mmoja tu uguse data kwa wakati. Linganisha na ujenzi wa jedwali la majina katika Git hiyohiyo, ambao ulipewa nyuzi mwaka 2017 na una safu ya kufuli 32. Ukiona nyuzi zisizo na kufuli kabisa, ama mwandishi amefikiri sana au hajafikiri kamwe, na hapa naona amefikiri. Ila mpitiaji hapaswi kuishia kwenye kitanzi cha nje. Kila uzi huita set_index_entry, kazi ndogo ambayo kwa jina lake ungesema inajaza nafasi moja ya safu basi. Ukiifungua unakuta inaita pia add_name_hash, ambayo ingechezea jedwali la pamoja kama lingekuwa limeshaanzishwa. Usalama wote unategemea kwamba wakati wa kupakia halijaanzishwa. Fahirisi chache (sparse index), inayokunja saraka nzima kuwa ingizo moja, ilipoingia mwaka 2021, kazi hiyohiyo iliongezewa mstari: ingizo likiwa la saraka iliyokunjwa, weka alama kwenye muundo wa fahirisi. Muundo huo ni mmoja kwa nyuzi zote. Zote huandika thamani ileile, kwa hiyo sitarajii mtu aumie, lakini kwa kanuni za C11, kiwango cha lugha ya C, nyuzi mbili kuandika mahali pamoja bila mpangilio ni tabia isiyofafanuliwa, hata kama thamani ni moja. Mambo ya namna hii hayaonekani kwenye kiraka unachopitia. Huingia miaka mitatu baadaye kwenye kiraka cha mtu mwingine asiyewaza nyuzi hata kidogo.

Kuna pia kiwango cha maingizo 10,000 kwa kila uzi, ambacho maoni ndani ya msimbo yanakiri kilichaguliwa zaidi kwa kubahatisha. Kwa kuwa uzi mmoja huenda kwa viendelezi, idadi ikikadiriwa na Git yenyewe unahitaji angalau maingizo 30,000 ndipo maingizo yenyewe yagawanywe. Miradi yangu mingi haifiki hata 3,000, na nadhani yako pia.

Mvutano ulikuja Novemba 2018, toleo likiwa mlangoni. Jonathan Nieder, mchangiaji mwingine wa Git, alieleza kwamba Git za zamani zikikuta kiendelezi kipya husema zimekipuuza, na zitalisema hilo tena na tena. Halina madhara: kiendelezi kinachoanza kwa herufi kubwa ni cha hiari. Lakini fikiria mtu mwenye Git mpya kwenye terminali na nyingine ya zamani iliyofungashwa ndani ya kihariri chake, zote kwenye folda moja. Kila akibonyeza kitu anaambiwa EOIE imepuuzwa. EOIE ni nini? Je, kazi yake imeharibika? Chombo tunachokikabidhi historia ya kazi yetu hakipaswi kumtisha mtu hivyo. Basi ikaamuliwa viendelezi viwili visiandikwe mpaka mtumiaji aweke index.threads kwa mkono wake.

Wa upande wa pili watauliza, na nawaelewa, kwa nini uamuzi wa muda umekaa miaka yote hii, Git za kabla ya 2.20 zikizidi kuadimika. Jibu ninaloliona ni kwamba presha ilihama. Wenye miradi mikubwa walitafuta njia ya kupunguza kazi badala ya kuigawa: fahirisi chache huacha kabisa kuorodhesha faili zilizo ndani ya saraka usizozitumia, na hakuna idadi ya nyuzi inayoshinda orodha isiyosomwa. Na scalar, chombo cha kuandaa Git kwa miradi mikubwa, ilipoingia ndani ya Git 2.38 mwaka 2022, ilikuja na mipangilio yake ambamo index.threads imewekwa true waziwazi. Waliokuwa na shida hasa wakapata dawa bila wengine kuguswa.

Ningeidhinisha kiraka cha Peart, na ningeidhinisha pia kile kilichokirudisha nyuma. Nisichokikubali ni mwongozo unaosema mpangilio umewashwa, huku masharti ya kuwaka kwake yameandikwa chini ya majina mengine mawili, index.recordEndOfIndexEntries na index.recordOffsetTable, ambayo hakuna atakayeyatafuta asiyeyajua tayari.

Kukagua ni rahisi kwenye mradi wa kawaida unaotumia hashi za aina ya SHA-1. Andika tail -c 52 .git/index | xxd. Baiti 20 za mwisho ni hashi ya faili nzima, na 32 zilizotangulia ndizo za EOIE. Zikianza na herufi hizo nne, EOIE imeandikwa. Usipoziona, weka index.threads kuwa true, badilisha faili moja uifanyie git add, kisha angalia tena.