Mganga Hajigangi: Jim Shooter na Kiti cha Uhariri Marvel

Jim Shooter, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, alifariki Juni 2025, na ubishi juu yake haukuzikwa naye. Wapo wanaosema ndiye aliyeiokoa Marvel, na wapo wanaosema aliigeuza kambi ya jeshi. Wengi hubishania ukali wake. Mimi naona lenye uzito zaidi ni suala la kikazi: anayeandika katuni za mashujaa ajihariri mwenyewe, au asomwe na mwingine kabla ya kazi kwenda kiwandani?

Alipokalia kiti cha mhariri mkuu mwaka 1978, akiwa na miaka 26, kiti hicho kilikuwa kimepitiwa na watu watano tangu Stan Lee akiachie mwaka 1972. Vigogo kama Roy Thomas na Marv Wolfman walikuwa na mikataba ya kuandika na kuhariri kazi zao wenyewe. Matoleo yalichelewa, na mara nyingine msomaji aliyelipia hadithi mpya alipewa ya zamani iliyochapishwa upya. Shooter akaukata utaratibu huo: kila jarida liwe na mhariri asiye mwandishi wake. Thomas na Wolfman wakahamia DC, kampuni pinzani.

Wanaomlaumu hutaja hasara hiyo, na wana haki. Mwaka 1980 Wolfman, pamoja na mchoraji George Pérez, alianzisha The New Teen Titans, likawa miongoni mwa majarida yaliyoibeba DC. Ila wanasahau kwamba hata huko mwanzoni alihaririwa na mwenzake, Len Wein. Mganga hajigangi.

Kisa kinachoonyesha vizuri kazi ya mhariri ni cha jarida la Marvel la X-Men namba 137, mwaka huohuo. Chris Claremont na John Byrne walikuwa wamemfanya shujaa wao Jean Grey, kwa jina la Dark Phoenix, ameze nyota na kuangamiza sayari yenye viumbe mabilioni. Mwisho walioupanga ulikuwa anyang'anywe nguvu zake, basi, arudi nyumbani. Shooter akakataa: muuaji wa kiasi hicho hawezi kuachwa hivihivi. Kurasa zilikuwa zimeshachorwa. Katika mvutano huo ndipo lilipotoka wazo la kumuua, mwisho ukachorwa upya, na kifo cha Jean kikawa moja ya matukio yanayokumbukwa zaidi katika katuni za Marekani. Mwisho wa awali ulichapishwa mwaka 1984, kila mtu akaweza kulinganisha. Kwangu, ule wa kwanza ni mwepesi mno. Hapa mhariri aliwashinda waandishi wawili hodari kwa kuuliza swali ambalo wao, kwa kumpenda mhusika wao, hawakutaka kuliuliza.

(Miaka sita baadaye, chini ya Shooter huyohuyo, Jean akafufuliwa kwa maelezo kwamba aliyeua hakuwa yeye. Biashara ina maadili yake.)

Wala nidhamu haikuua ubunifu. Ni katika kipindi hicho Frank Miller alikabidhiwa kuandika jarida la Daredevil na Walter Simonson akapewa la Thor. Shooter pia alisimamia mpango wa kuwalipa waandishi na wachoraji nyongeza pale jarida lilipouza zaidi ya nakala 100,000. Kwa upande mwingine, ni katika miaka yake mchoraji Jack Kirby alipokuwa akihangaika na kampuni ili arudishiwe michoro yake. Uamuzi wa kuizuia haukuwa wa Shooter peke yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa sura ya uhariri.

Penye kasoro kubwa ni Secret Wars. Mwaka 1984 Marvel ilihitaji hadithi ya kwenda sambamba na vikaragosi vya kuchezea vya kampuni ya Mattel, na Shooter akaiandika mwenyewe, matoleo 12. Yaliuzwa vibaya sana, kwa maana ya kwetu: kama njugu. Mhariri aliyepangiwa ni Tom DeFalco, mtu wa chini yake kazini. Mhariri gani atamwambia bosi wake kwamba ukurasa huu haufai? Mwaka uliofuata ikaja Secret Wars II, na safari hii waandishi wengine walilazimika kupisha hadithi zao ili mhusika wa bosi apite katika majarida yao. Swali alilomuuliza Claremont halikuwa na mtu wa kumuuliza yeye, na inaonekana: hadithi inazurura toleo baada ya toleo. Mwaka 1987 Shooter aliondolewa, na DeFalco ndiye aliyekalia kiti chake.