S.O.S. ya Saa Tatu Usiku

Kwa miaka sita nilipiga gitaa katika bendi ya hoteli moja ya ufukweni, kusini mwa Mombasa, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuwaimbia watalii nyimbo za karibu mgeni, ambazo mtu huweza kuzipiga huku akiwaza kodi ya nyumba. Usiku mmoja mzee wa Kiingereza alitujia akaomba "Message in a Bottle" ya The Police, bendi ya Uingereza. Kiongozi wetu, tuliyemwita Ami, hajapata kumkatalia mgeni mwenye noti mkononi, kwa hiyo alijibu kwamba wimbo huo tunaupiga kila wiki. Hatukuwa tumeupiga hata siku moja.

Mzee yule alianza kutusimulia ujana wake: jinsi albamu ya kwanza ya wanamuziki wale watatu, Outlandos d'Amour ya mwaka 1978, ilivyowapatia jina, na jinsi wimbo huu ulivyotoka Septemba 1979 ukapanda hadi nambari moja nchini Uingereza, ngazi ambayo hawakuwa wamewahi kuifikia. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, kwa sababu nilikuwa nimekikumbuka kile kipande cha gitaa cha mwanzo, na tumbo lilikuwa limeanza kunikata.

Asiyepiga gitaa hukisikia kama maji yanayotiririka. Anayepiga anajua kwamba kidole cha shahada hukaa freti ya nne (freti ni vile vyuma vilivyokingamana kwenye shingo ya gitaa), kingine ya sita, na kile kidogo hunyooshwa hadi ya nane, kisha mkono uliotanuka hivyo huhamishwa huku na huko kwa karibu dakika tano. Andy Summers, mpiga gitaa wa The Police, alijaliwa mikono ya kazi hiyo; mimi nimejaliwa vidole vya kuchambua dagaa.

Palikuwa na tatizo la pili. Katika sahani ya santuri wimbo ule haukatiki, bali sauti hufifia taratibu huku mwimbaji akirudia S.O.S., ule wito wa mtu aliye hatarini kuomba kuokolewa, na bendi iliyo jukwaani haina wa kuififisha. Tukakubaliana haraka haraka kwamba nitakapoinua mkono wa kushoto, sote tutakata.

Ubeti wa kwanza ulipita salama, wa pili ukaniletea ganzi, na tulipofika mwishoni kiganja kilishikwa na mkakamao, vidole vikaganda kwenye shingo ya gitaa kama kaa aliyeng'ang'ania mwamba. Mkono wa kuinua sikuwa nao. Ami alinikodolea macho akisubiri ishara, na kwa kuwa haikuja, aliendelea kuita S.O.S. kwa kipaza sauti, kila mara kwa uchungu zaidi.

Pale hotelini palikuwa na mlinzi mpya wa ufukwe, kijana aliyemaliza mafunzo ya uokoaji wiki ileile. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akapuliza filimbi, akanyakua boya na tochi, akatoka mbio kuelekea baharini. Maji yalikuwa yamekupwa. Tuliuona mwanga wa tochi ukienda mbali, mbali kabisa, na bado maji yalikuwa hayajamfika magotini. Wageni wakasimama kumpigia makofi, wakidhani ni sehemu ya burudani.

Alirudi akihema, suruali imelowa hadi kwenye mashavu ya miguu. "Nani anazama, Ami?"

Ami, ambaye bado alikuwa anaimba, akanielekezea kidevu. Kijana akaweka boya chini, akaanza kunibandua vidole kimoja kimoja, akianzia na kile kidogo.