Chuo kikija kijijini kiache kitu

Niliseme mapema kabisa: mtafiti akiingia kwenye mji mdogo wa Marekani wenye Walatino wengi (watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini), akajaza dodoso lake, akarudi chuoni akaandika pepa na akapandishwa cheo, huyo kwangu hajaitumikia jamii hata kama ripoti yake imejaa neno ushirikishwaji kila ukurasa. Sisi tuliokulia Bongo haya tunayajua vizuri sana. Gari la mradi linakuja kijijini, watu wanakusanywa chini ya mwembe wanaulizwa wanakula mara ngapi kwa siku, kila mtu anapewa soda yake, gari linaondoka, na majibu mpaka leo hayajarudi.

Sasa kinachoniudhi ni kwamba Marekani wana mfumo ambao kwenye makaratasi ni mzuri kuliko wetu. Sheria ya Morrill ya 1862 iliyapa majimbo ardhi ya kuuza ili waanzishe vyuo vya kilimo na ufundi (na ardhi yenyewe sehemu kubwa ilinyang'anywa wenyeji wa asili, tusijifanye hatujui), alafu 1914 ikaja ya Smith-Lever ikaanzisha huduma za ugani, yaani chuo kikuu kina ofisi zake mpaka huko kwenye kaunti, mabwana shamba wake, watu wake wa lishe, na klabu za watoto za 4-H. Wazo safi kabisa. Ila mfumo huo ulitengenezwa kwa ajili ya mwenye shamba, mtu mwenye ardhi yake anayeongea Kiingereza na anayejua ofisi ya kaunti iko wapi. Mtu anayeishi kwenye traila ya kupanga (kinyumba cha kuvutwa na gari) na kukata nyama kiwandani usiku kucha hakuwa kwenye hesabu.

Na huyo ndo amebadilisha hiyo miji. Chukua Garden City, Kansas. Desemba 1980 kampuni ya nyama ya IBP ilifungua machinjio makubwa ya ng'ombe pale jirani, Holcomb, muda ule ndo yalikuwa makubwa kuliko yote duniani, miaka michache baadae likafunguliwa lingine, na kaunti ya Finney ikatoka watu kama elfu 24 mwaka 1980 ikafika elfu 33 mwaka 1990. Wengi walikuwa Walatino na wakimbizi kutoka Asia ya Kusini Mashariki. Nyumba hazikuwepo, ikabidi watu wajazane kwenye viwanja vya traila, shule zikafurika, na kwa sababu kazi ile inachosha mikono na mgongo watu walikuwa wanaacha kila siku, wengine wanaletwa. Mwishoni mwa miaka ya 80 ikaja timu ya watafiti, mmojawapo Donald Stull wa Chuo Kikuu cha Kansas, wakahamia pale pale mjini. Stull alijiandikisha mpaka kozi ya kukagua nyama kwenye chuo cha pale akakaa darasani na watu wa machinjio, na jioni alikuwa anakaa nao baa. Mwenzake Michael Broadway baadae akaenda kuyaangalia hayo hayo Brooks, Alberta, huko Kanada, mji ambao nao ulikuwa unapitia kile walichopitia watu wa Garden City. Huo ndo utafiti wenye faida, mji unaofuata unajua mapema kwamba kiwanda hakiji na nyumba wala walimu.

Lakini mfano ambao mimi naupenda zaidi uko California, bonde la Salinas, kwenye letusi na stroberi. Kati ya 1999 na 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Brenda Eskenazi walisajili wajawazito 601, wengi wao wazaliwa wa Mexico kwenye familia za vibarua wa mashambani, utafiti unaitwa CHAMACOS, na hawakuondoka. Walewale watoto waliokuwa tumboni sasa hivi ni watu wazima na bado wanafuatiliwa. Mwaka 2011 wakatoa matokeo yaliyoshtua: watoto ambao mama zao walikuwa na viwango vya juu kabisa vya dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati wakati wa mimba, walipofika miaka 7 IQ yao (kipimo cha akili) ilikuwa chini kwa pointi kama 7 ukilinganisha na wa viwango vya chini kabisa. Ushahidi wa aina hii ulichangia California kusimamisha uuzaji wa klopairifosi, dawa mojawapo ya jamii hiyo, Februari 2020.

Ila mimi kilichonishika sio hiyo IQ. Kuna jaribio dogo walilifanya na wachuma stroberi, waliwapa glavu, ovaroli za kuvua palepale shambani kabla ya kupanda gari, na maji ya vuguvugu na sabuni ya kunawa, basi. Waliovaa glavu mabaki ya malathioni (nayo ni dawa ya jamii hiyohiyo) kwenye mkojo yalipungua, na zaidi kwa wale ambao hawakuwa wanatafuna stroberi wakati wa kuchuma. Sasa we niambie nani anachuma stroberi kutwa nzima kwenye jua asionje? Lakini ndo umuhimu wake, mama anarudi nyumbani anajua cha kufanya, avue nguo za shamba na kunawa kabla hajambeba mtoto. Hayo ni majibu yanayofaa leo jioni, hayasubiri bunge likae.

Kuna programu nyingine, Juntos, ilianzia Chuo Kikuu cha North Carolina State 2007 kupitia ofisi za ugani na 4-H, inawaweka mwanafunzi wa sekondari na mzazi wake kwenye semina moja. Watu wanaona ni jambo dogo. Hebu jaribu kuielewa fomu ya FAFSA ya kuombea pesa za chuo wakati mzazi wako hajasoma sana na lugha inamsumbua. Toleo jipya lilivyotoka mwishoni mwa 2023 wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii (namba ya serikali ya Marekani ya kumtambua mtu, ambayo wahamiaji wengi hawana) walikuwa wanakwama tu kwenye mtandao kwa miezi, fomu ya mtoto haikamiliki, na hapo ndipo unahitaji mtu wa chuo anayeishi kwenye kaunti, unayemjua kwa jina, wa kukwambia tulia usifute kitu. Kipeperushi cha Kispanyola hakitakusaidia hapo.

Alafu suala la kuaminiana. Mei 2008 polisi wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama Postville, Iowa, mji mdogo kabisa, wakakamata watu 389 kwa siku moja. Baada ya kitu kama hicho mgeni mwenye karatasi na kalamu akigonga mlango nani anafungua? Hata mimi sifungui. Kwahiyo ukiajiri mtu wa ugani kwa pesa za mradi wa miaka miwili, mwaka wa kwanza wote unaisha watu wanamsoma, wa pili anaanza kuaminiwa, mradi unaisha anaondoka, anakuja mwingine anaanza upya. Hapa ndipo navilaumu vyuo kabisa, bwana shamba wa mahindi na ng'ombe ana ajira ya kudumu, wa Walatino anategemea wafadhili.

Na msidhani haya ni ya Walatino peke yao. Kaskazini mwa Missouri kuna mji wa Milan wenye kiwanda cha nyama ya nguruwe cha kampuni ya Smithfield, Walatino wako pale miaka mingi, na siku hizi wako Wakongo pia, wengi wanaishi mji wa jirani, Kirksville. Chuo Kikuu cha Missouri kina kituo chake cha utafiti kuhusu Walatino na wahamiaji, Cambio, tangu 2004 na mkutano wa kila mwaka kuhusu Walatino ulioanza 2002, yaani maarifa ya miaka zaidi ya 20 yapo kabatini. Semina ziwekwe saa ambazo mtu wa zamu ya usiku ameamka. Mkalimani awe mtu mzima, sio mtoto wa darasa la tano aliyetolewa shule kwenda kumtafsiria mama yake kwa daktari. Mambo haya Walatino walishayaeleza, kwahiyo kabla ya kuwapelekea Wakongo dodoso jipya la kuwauliza changamoto zao ni zipi, naomba wafungue kwanza hilo kabati, alafu waajiri Mkongo mmoja pale Kirksville, ajira ya kudumu.