Mafuta ya shangazi hayakumsimamisha baba

Shangazi yangu akisoma hii atanuna, ila acha anune, tumeshagombana sana kuhusu yale mafuta yake ya kumchua baba na mi bado nipo palepale.

Baba alipata stroki, yani kiharusi, mwaka juzi mwezi wa pili, asubuhi, akiwa anavaa viatu. Upande wa kulia wote ukalegea, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakawa yanatoka kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Hospitali wakapiga CT-skani, ile picha ya ndani ya kichwa, wakasema mshipa umeziba kwenye ubongo upande wa kushoto, ndo maana kulia kumepooza, maana upande mmoja wa ubongo unaongoza upande wa pili wa mwili. Akalala wodini siku tisa, tukaruhusiwa na dawa za presha, aspirini, na karatasi imeandikwa fizio, yani mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki. Hiyo karatasi ndo nataka kuiongelea leo, kwa sababu tuliisoma vibaya miezi mitatu mizima.

Tulivyoisoma sisi, fizio ni kitu anachofanyiwa mgonjwa. Kwa Kiswahili cha mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, fizio ni kuchuliwa, yani unampakia mzee kwenye bajaji, analazwa kitandani, mtu anamkunja mguu anaunyoosha, unalipa, mnarudi, afu kati ya Jumanne na Ijumaa mzee anakaa tu. Na ili asikae bure, shangazi akaja na mafuta. Ya nyonyo, ya karafuu, na chupa moja haina hata lebo ambayo tuliambiwa ni ya mbuni na ilikuwa inanuka mpaka paka akahama. Sina ugomvi na kuchua kwenyewe, mwili uliokakamaa unalegea kidogo, na mgonjwa anaona kuna mtu anamjali, hiyo nayo sio ndogo. Ila baba alichuliwa asubuhi na jioni miezi mitatu na kusimama mwenyewe akawa hawezi.

Aliyenitoa tongotongo ni dada wa mazoezi, yule mtaalamu wa fizio, binti mdogo tu. Siku hiyo kamwamkia baba, "shikamoo mzee wangu," afu kanigeukia mimi.

"Kaka, jana mzee amesimama mara ngapi?"

Nikasema alisimama kwenda chooni.

"Mara ngapi?"

Nikafikiria, nikasema kama tatu hivi.

"Mwenyewe au mlimbeba?"

Tulimbeba. Hakunikaripia, alicheka tu, akasema mimi hapa nakaa nae dakika 40, mara mbili kwa wiki, na wiki ina masaa 168, sasa mengine yote nani anamfundisha huo mguu?

Baadae ndo nikaanza kusoma mwenyewe usiku. Kumbe zile seli za ubongo zikishakufa hazirudi, ila sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza ile kazi, na hazijifunzi kwa kuangalia, zinajifunza kwa kurudia kitu kilekile mara nyingi mpaka mnachoka wote. Mguu unatakiwa ukanyage chini, ubebe uzito, ukosee, urudie. Kuna watafiti wa Amerika ya Kaskazini mwaka 2009 walikaa wakahesabu wagonjwa wa stroki wanafanya nini hasa kwenye mazoezi, wakakuta wastani ni hatua 357 kwa kikao kwa wale wanaofundishwa kutembea. Mtu mzima akienda sokoni na kurudi anapiga maelfu. Na huko ni kwa wenzetu wenye kila kitu, sasa piga hesabu ya mtu wa Mbagala anayeenda Jumanne na Ijumaa na siku ya mvua haendi kabisa.

Sasa hapa ndo pagumu kusema. Kilichomchelewesha baba kuliko umaskini ni adabu yetu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwachi baba yake anyanyuke kufuata maji. "Kaa baba, nakuletea." Mama akamuwekea ndoo pembeni ya kitanda asisumbuke kwenda chooni. Mdogo wangu alikuwa anamlisha kwa kijiko wakati mkono wa kushoto mzima upo pale umelala mapajani hauna kazi. Mapenzi matupu, na kila moja ya hayo mapenzi ilikuwa inamnyang'anya zoezi. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Edward Taub alifanya kazi na nyani miaka mingi, akaona mnyama mkono wake ukipoteza hisia akajaribu kuutumia akashindwa, anaacha kabisa, na hata baadae ambapo ungeweza kufanya kitu yeye ameshazoea kwamba huo mkono haupo. Akimfunga mkono mzima, ule mwingine unaanza kazi. Nilivyosoma hiyo nikamuona baba kwenye kiti chake cha sebuleni.

Na bega. Jamani bega. Sisi kumnyanyua tulikuwa tunamvuta kwa mkono uleule uliopooza, au tunamshika makwapani mmoja huku mmoja huku tunampandisha kama gunia. Bega la upande uliolegea halina misuli ya kulishikilia, ukilivuta linashuka kutoka kwenye nafasi yake. Baba akawa halali usiku kwa maumivu, sisi tunasema stroki hiyo inatafuna, shangazi anaongeza mafuta. Haikuwa stroki, ilikuwa ni mikono yetu. Dada wa mazoezi aligusa tu akajua. Akatuonyesha kushika mkanda kiunoni, na mkono unawekewa mto chini akikaa usining'inie.

Tulichokuja kufanya hakina maajabu. Kiti cha plastiki, mgongo wa kiti unagusa ukuta kisirudi nyuma, juu yake tukakunja godoro la zamani kipande ili kiwe kirefu, maana kiti kikiwa juu kusimama kunakuwa rahisi. Unasogea ukingoni, miguu unairudisha nyuma kidogo ya magoti, unainama mpaka pua ipite vidole vya miguu, afu unasukuma. Siku ya kwanza alifanya nne akatoka jasho kama amelima. Mama akaleta bakuli mbili na maharage, kila akisimama harage moja linahama bakuli. Kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, baadae ishirini ishirini, na kila wiki mbili tukawa tunapunguza urefu wa godoro. Mzee alikuwa anaiba! Mama akigeuka kuangalia sufuria yeye anahamisha mawili kwa mkono wa kushoto, haraka, uso mkavu kabisa.

Kutembea kwenyewe kulianzia uani. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vinaburuta, kwa hiyo kandambili inatoka kila hatua ya tatu, na kwenye kizingiti cha choo ndo alipoanguka mara mbili. Kandambili tukazitupa, akavaa raba za kufunga, na baadae kile kifaa cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu kushikilia kifundo mguu usidondoke mbele. Fimbo inashikwa mkono mzima, wa kushoto, ingawa kila jirani aliyepita alikuwa anamuhamishia kulia eti ndo kuna ugonjwa. Ngazi, kupanda unatangulia mguu mzima, kushuka unatangulia ule mgonjwa. Hivi vitu vidogo nashangaa hamna aliyetuandikia siku tunatoka wodini.

Lakini msije mkanielewa vibaya mkaenda kumkurupusha mgonjwa wenu. Utafiti mkubwa ulioitwa AVERT, wagonjwa 2,104, ukatoka 2015, ulionyesha kwamba kumnyanyua mtu mapema sana, ndani ya masaa 24 baada ya stroki, na kwa wingi kulileta matokeo mabaya kidogo kuliko kwenda taratibu. Na kuna mwingine ulioniuma zaidi, wa India, 2017, wagonjwa 1,250, familia zilifundishwa kumfanyisha mgonjwa wao mazoezi nyumbani. Matokeo yalikuwa hayana tofauti na waliopata huduma ya kawaida. Mi nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba familia inatosha. Haitoshi. Na nikikaa nikajiuliza naona kwa nini, maana mi nilikuwa nahesabu hatua nafurahi, mia, mia na hamsini, dada akaja siku moja akaangalia kimya afu akasema mzee anarusha mguu kutoka kwenye nyonga kwa sababu goti halikunji, mkiendelea hivi atazoea vibaya. Mi hata sikuwa nimeona.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba huyo mtu wa fizio ndo wa kumlipia nauli aje nyumbani. Mashine hapana. Marekani walijaribu, matokeo yakatoka 2011, watu 408, wengine wanatembezwa kwenye mkanda kama wa jimu huku wamefungwa kamba za kuwabeba, wengine mtaalamu anawafuata nyumbani anawapa mazoezi ya nguvu na kusimama vizuri. Baada ya mwaka zaidi kidogo ya nusu walikuwa wanatembea vizuri zaidi kuliko mwanzo, na mashine haikushinda mazoezi ya nyumbani. Tena waliochelewa wakaanza mashine miezi sita baada ya stroki nao walifika palepale. Hilo lilinipa usingizi kidogo, maana ile miezi mitatu ya mafuta ndo miezi ambayo wengi wanapata nafuu kubwa, na sisi tuliila.

Bajaji kwenda na kurudi ilikuwa elfu 25, na kikao juu yake. Kwa mwezi ni hela ya kumlipa dada aje Mbagala mara tatu, atupangie dozi ya mazoezi, arudi kuiangalia. Tukahamia hapo. Lakini haikutakiwa iwe sisi wa kujiongeza. Utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta Dar es Salaam stroki mpya kama 316 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, na wilaya ya Hai 109, wakishasawazisha umri. Ni wagonjwa wengi wa kupandishwa bajaji hao. Kama tuna watu wa chanjo wanaopita mtaani nyumba kwa nyumba, sioni kwa nini kituo cha afya cha kata kisiwe na mtu wa fizio hata mmoja mwenye pikipiki.

Sasa hivi kipimo chetu ni futi kamba na saa ya simu. Kutoka mlango wa jikoni mpaka geti ni mita 10. Wataalamu wanasema chini ya mita 0.4 kwa sekunde wewe ni wa ndani ya nyumba, ukifika 0.8 unaweza kwenda mtaani mwenyewe, yani zile mita 10 uzimalize kwa sekunde 25 ndo utoke ndani, na kwa 12 na nusu ndo uwe huru. Na Kilwa Road, barabara kubwa ya kwetu, haimsubiri mtu. Baba alianza na 41. Jumapili hii kapiga 21, akadai saa yangu inakimbia, tukarudia, 20. Shangazi alikuwepo, amekaa na chupa yake mkononi, na yeye alikuwa anahesabu kwa sauti. Baba alivyofika getini akarudi taratibu mpaka kwenye kiti, akakaa, akamnyooshea dada yake mguu akasema haya nipake sasa.