RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8: tusome namba ipi?

Mpwa wangu alinitumia picha za kadi mbili za michoro, zote za mtumba, bei zikiwa karibu sawa. Moja ni GeForce RTX 3060 yenye memori ya GB 12, nyingine ni RTX 4060 yenye GB 8. "Mjomba, si 4060 ndiyo mpya? Nilipie hiyo?" Mchana anatengeneza katuni kwa Blender, usiku anacheza gemu, na kompyuta yake ni deskitopu ya zamani ya Core i7 kizazi cha 4. Nikamwambia asitume hela kwanza. Swali lake ni zuri kuliko linavyoonekana.

Ukizisoma kwa haraka, kadi ya zamani ndiyo kubwa. RTX 3060 iliingia sokoni Februari 2021 ikiwa na viini 3,584, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa. RTX 4060 ilikuja Juni 2023 na viini 3,072 tu. Njia ya memori, inayopitisha data kati ya chipu na memori ya kadi, kwenye 3060 ina upana wa biti 192, kwenye 4060 ni biti 128. Hesabu yake haina ugumu: zidisha upana huo kwa kasi ya memori, ambayo kwa kila biti ya upana ni gigabiti 15 kwa sekunde kwa ile ya zamani na 17 kwa mpya, kisha gawanya kwa 8. Unapata data inayopita: GB 360 kwa sekunde dhidi ya 272.

Hata hivyo, kwenye gemu nyingi za 1080p (skrini ya pikseli 1920 kwa 1080) 4060 inashinda. NVIDIA, watengenezaji wenyewe, walipoitangaza walisema inaizidi 3060 kwa takriban asilimia 20 bila msaada wa fremu za kuzalishwa (picha za ziada ambazo kadi inazibuni yenyewe), na hesabu inakubaliana nao. Viini vya 4060 hufika GHz 2.46, vya 3060 huishia GHz 1.78. Zidisha idadi ya viini kwa kasi yake, utaona mpya inaongoza kwa kama asilimia 18. Ndiyo maana kulinganisha viini vya vizazi viwili bila kuangalia kasi ni kujidanganya. Halafu kuna kache, memori ndogo ya haraka ndani ya chipu: MB 24 kwenye 4060, MB 3 kwenye 3060. Ni kama mpishi aliyepanga viungo vyake pembeni ya jiko. Hata mlango wa stoo ukiwa mwembamba, haendi huko kila dakika.

Kwenye umeme 4060 haina mpinzani. Inakula wati 115, mwenzake 170. Kwa mtu anayeikamua saa 6 kwa siku, tofauti hiyo ni karibu uniti 10 kwa mwezi, na anayenunua Luku anazijua uniti 10. Joto nalo ni hilo hilo: wati 55 za ziada zinaishia chumbani, na chumba cha Dar mwezi wa pili hakihitaji msaada.

Ila kuna namba moja ya 4060 ambayo siikubali inavyotumiwa kwenye matangazo. DLSS 3, teknolojia ya NVIDIA, huzalisha fremu za katikati, kisha chati inaonyesha fremu nyingi mno kuliko za 3060. Picha inakuwa laini kweli, nimeiona na inapendeza. Lakini fremu iliyozalishwa haikusikia kidole chako. Gemu ikiwa inakwenda fremu 35 kwa sekunde, skrini inaweza kuonyesha 60, ila ukibofya kufyatua risasi, mwitikio ni wa zile 35 au mzito zaidi. Anayelinganisha kadi hizi apime kwanza bila DLSS 3, na asiangalie wastani peke yake. Wastani wa fremu 70 unaweza kuficha mikwamo ya kila baada ya sekunde chache, na macho yanakereka na mikwamo.

Mara nyingi mikwamo hiyo inaanzia kwenye memori, na hapo ndipo GB 12 zinapodai haki yake. Niliifungua kazi ya mpwa wangu kwenye mashine yangu: mtaa wa usiku, taa nyingi, kuta zenye picha kubwa kubwa. Kabla ya kurenda, yaani kuifanya kompyuta ikokotoe picha ya mwisho, kipimo cha memori kilikuwa GB 4. Dakika moja baadaye kilipita 9. Kwenye kadi ya GB 8, kinachozidi kinaenda kukaa kwenye RAM ya kompyuta, na kila kikihitajika kinapita kwenye sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, au renda inagoma kabisa. 4060 hutumia njia 8 tu za sloti hiyo, 3060 hutumia 16. Kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpya ya PCIe 4.0 njia 8 hupitisha kama GB 16 kwa sekunde. Mazabodi ya mpwa wangu ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo zitapita kama GB 8. Kutoka 272 hadi 8! Viini vyote vile vya kasi vitakaa vikisubiri data.

Kwa hiyo angekuwa mchezaji tu wa 1080p, ningemwambia achukue 4060 bila kusita. Vilevile kama kazi yake ingekuwa kurusha gemu mubashara, kwa sababu 4060 inaweza kurekodi kwa AV1, mfumo mpya wa kubana video, na 3060 haiwezi. Lakini katuni ndiyo inayomlipia kodi. Achukue 3060, gemu zake atazicheza vizuri tu.

Kuna tahadhari kwenye uamuzi huo. 3060 iliuzwa miaka ambayo kadi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana, mpaka mtandao huo ulipoachana na uchimbaji Septemba 2022. 4060 ilizaliwa baada ya hapo. Kwa hiyo asikilize feni, aiendeshe nusu saa kwa kazi nzito na kutazama joto kabla ya kulipa. Pawa saplai pia: NVIDIA wanapendekeza wati 550 kwa zote mbili, na ile iliyokuja na deskitopu yake haifiki.

Zaidi ya yote, aanze na jina. Ipo RTX 3060 nyingine ya GB 8, yenye viini vile vile 3,584 lakini njia ya biti 128, na data inayopita inashuka hadi GB 240 kwa sekunde. Programu ya bure ya GPU-Z inaonyesha upana huo. Nimemwambia aifungue palepale dukani: ikisoma 192 alipe, ikisoma 128 airudishe kadi mezani.