Boma linalozunguka yai la kichocho: je, ramani ya molekuli ni anasa kwa Mwanza?

Yai moja la kichocho cha tumbo lina urefu wa maikromita 140 hivi na upana wa 60, na mwiba wake uko ubavuni. Likikwama kwenye ukuta wa utumbo au kwenye vishipa vya ini, mwili hulijengea boma. Seli za kinga ziitwazo makrofeji hulikumbatia kwa ndani, nyingine ziitwazo eosinofili hujazana, limfosaiti nazo hufuata, na pembezoni fibroblasti, seli za kujenga kovu, husuka nyuzi za kolajeni. Boma hilo ndilo granuloma. Yai hufa, kovu hubaki, na miaka mingi baadaye mvuvi wa Ukerewe anatapika damu kwa sababu damu haipiti vizuri kwenye ini lake. Mwingine aliyevua naye maji yaleyale ana mayai mengi, ila ini lake halina makovu kama hayo. Tofauti yao haiwezi kueleweka bila kujua seli gani imekaa wapi ndani ya boma, na inafanya nini hapo ilipo.

Teknolojia ya kuchora ramani ya molekuli bila kuvuruga tishu ilibuniwa kwa maswali ya aina hii: husoma RNA, yaani nakala za jeni zinazotumika, na kuonyesha kila moja ilitoka sehemu gani ya tishu. Hata hivyo, ikitajwa kanda ya ziwa hujibiwa haraka kwamba ni anasa: maabara inahangaikia rangi za kawaida za slaidi, ya nini kuota makubwa?

Hoja hiyo ina uzito. Eneo la kunasia kwenye slaidi iliyozoeleka lina vituo karibu 5,000, yaani vidoa vidogo vinavyonasa molekuli za tishu iliyo juu yake, na kila kituo kinashauriwa kisomwe angalau mara 25,000. Hiyo ni milioni 125 kwa kipande kimoja tu cha tishu. Vitendanishi vinataka friza isiyozimika umeme ukikatika, na gharama huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Mgonjwa wa kichocho naye hasubiri ramani yoyote: choo kinapimwa, tumbo linapigwa ultrasound, anapewa dawa ya prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Tena, kupaka kingamwili zenye rangi kunaonyesha protini ikiwa mahali pake kwa bei nafuu zaidi, ingawa ni protini moja au mbili kwa slaidi.

Yote hayo ni kweli, ila yanahusu mashine. Kazi yenyewe huharibika mapema zaidi, kwenye chupa ya formalini, kimiminika cha kuhifadhia tishu.

Njia iliyotangulia, ya kusoma RNA ya seli mojamoja, huanza kwa kuivunja tishu: inakatwakatwa, inalowekwa kwenye kolajenasi, kimeng'enya kinachovunja kolajeni, kwa nyuzi joto 37, kisha seli zinachujwa. Fibroblasti zilizonasa kwenye kovu hazitoki kirahisi. Eosinofili hufa, na vimeng'enya vyake humeng'enya RNA. Zinazosalia zimepoteza anwani. Makrofeji iliyolikumbatia yai na iliyotoka sehemu nzima ya ini ziko kwenye mrija mmoja. Kwa hiyo njia hiyo inataka tishu mbichi, na bado inalipoteza boma.

Ramani, kinyume chake, inakubali bloku ya nta yenye tishu ndani yake, ileile inayotengenezwa kila siku kwa uchunguzi wa kawaida. Kipande cha maikromita 5 kinalazwa kwenye slaidi, na vinasa vya DNA vinavyokwenda viwiliviwili vinashika vipande vifupi vya RNA, kwa kuwa formalini na nta huiacha RNA ikiwa imekatikakatika. Kila jozi hubeba alama ya kituo iliponaswa. Vituo vya toleo lililoenea vina kipenyo cha maikromita 55, na kutoka katikati ya kimoja hadi kingine ni 100. Yai peke yake ni kubwa kuliko kituo, na kati ya vituo kuna pengo la 45 lisilosomwa. Matoleo mapya yana viraba vya maikromita 2 bila pengo. Seti ya vinasa vya binadamu haizioni jeni za mnyoo. Anayezitaka lazima aagize vinasa vya ziada.

Sampuli iliyotoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa kivuko haihitaji naitrojeni ya kimiminika. Inahitaji formalini iliyochanganywa sawasawa: mililita 100 za formaldehaidi ya dukani, maji mililita 900, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili. Chumvi hizo zikirukwa, formalini hugeuka asidi na kuikata RNA. Kwenye tishu yenye damu nyingi kama ini, asidi hiyo huacha chembe za rangi ya kahawia nyeusi zinazofanana mno na rangi ambayo kichocho chenyewe huiacha ndani ya makrofeji za ini. Daktari wa patholojia anabaki kujiuliza anaona ugonjwa au anaona chupa. Hapo hatujagusa ramani yoyote. Huyu ni mgonjwa wa leo, na jibu lake.

Ujazo wa formalini uwe mara 10 ya nyama. Formalini huingia kama milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, hivyo utumbo mzima ukisukumiwa kwenye chupa nyembamba huoza katikati huku nje ukionekana mzuri. Upasuliwe, vipande viwe na unene wa milimita 3 hadi 5, ukae saa 24 hivi. Kuacha wiki nzima ijumaa hadi ijumaa kwa sababu mashine ya nta imeharibika ni kosa jingine: RNA hufungwa mno kiasi kwamba vinasa havishiki.

Basi kabla ya kuulizana bei ya mashine, kuna kipimo kidogo cha kufanya kwenye bloku za utumbo na ini zenye mayai zilizokwisha kuhifadhiwa, kwa kibali cha maadili. Tupa vipande vya juu vilivyokaa hewani, kata vinne vya maikromita 10, toa RNA, pima ni asilimia ngapi ya vipande vyake ina urefu unaozidi herufi 200. Zikifika 30, bloku inafaa kuchorewa ramani popote mashine ilipo, na usomaji wa picha ufanywe Mwanza, na macho yaliyozoea kuliona yai hilo. Zisipofika, fomu ya sampuli iongezwe mistari miwili: saa nyama ilipotoka mwilini, na saa ilipoingia kwenye formalini, ili ijulikane ilikaa muda gani bila kuhifadhiwa.