Mbawakawa wa Milimani: Tulinde Kwanza au Tutambue Kwanza?

Mwaka 1982 mtaalamu wa wadudu Terry Erwin aliandika kwamba, baada ya kufukizia dawa miti 19 ya aina moja nchini Panama, alipata takriban spishi 1,200 za mbawakawa, na kutokana na hizo akakisia kuwa misitu ya tropiki ina spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Makadirio ya baadaye yameshuka sana, na kwa mbawakawa pekee sasa hutajwa takriban milioni 1.5, ilhali zilizokwisha kupewa majina ni kama 400,000. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, walio wengi hawana jina, na hapo ndipo wahifadhi wanapotofautiana.

Wapo wanaoshikilia kwamba fedha chache zilizopo ziende kwenye ulinzi wa msitu, si kwenye hadubini za kutambua spishi. Hoja yao ni nzito, kwani wataalamu wa uainishaji ni wachache, spishi moja huweza kukaa kabatini miaka mingi kabla ya kuelezwa, na shoka halisubiri. Msitu ukibaki, fukusi asiyejulikana aliyemo ndani ya gogo bovu atabaki pia.

Kinachonitatiza ni mlima wenyewe. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, na mwaka 1967 mwanaekolojia Daniel Janzen alieleza kwa nini jambo hilo huwabana zaidi viumbe wa tropiki: kwa kuwa joto la makao yao halibadiliki sana mwaka mzima, hawakujengeka kustahimili hali ya juu wala ya chini, hivyo spishi nyingi hubanwa katika ukanda mwembamba wa mwinuko. Tena, miongoni mwa mbawakawa wawindaji wa ardhini, wengi wa milimani wamepoteza uwezo wa kuruka, na asiyeruka hawezi kuvuka bonde lenye joto ili afike kilele cha pili. Spishi ya namna hiyo huweza kuwa ya mlima mmoja tu duniani.

Kwa hiyo kusema “tulinde msitu” hakutoshi mpaka tuseme msitu wa mwinuko upi. Hifadhi nyingi huanzia juu, pasipolimika, huku miteremko ya chini, ambako mbawakawa wa mavi kwa kawaida ndiko waliko wengi zaidi, ikifyekwa. Katika Mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, nondo waliohesabiwa mwaka 1965 walihesabiwa tena mwaka 2007, wakakutwa wamepanda kwa wastani wa mita 67 hivi kadiri dunia ilivyozidi kupata joto. Nondo huruka, mbawakawa asiye na mabawa ya kurukia atapanda kwa miguu, na akikuta shamba katikati ya njia, safari yake imekwisha.

Naunga mkono kulinda kwanza, ila mpaka wa hifadhi ushuke hadi chini kabisa ya mlima, na utambuzi usingoje majina ya Kilatini. Vikombe vya kunasia wadudu vilivyofukiwa ardhini kila baada ya mita 200 za mwinuko, na wadudu wakatengwa kwa maumbile yao, vinatosha kuonyesha ni ukanda gani unaopoteza viumbe wake. Sharti ni kwamba kila kielelezo kiandikwe mwinuko kilikookotwa, kwa sababu mbawakawa aliyehifadhiwa kwa jina la mlima peke yake hawezi kutuonyesha kama wenzake wamehama.